Admini wa Ukoo

Jumamosi, 3 Mei

Nimepata cheo. Mimi! Ambaye darasani nikiulizwa jina langu huwa nafikiri kwanza.

Baba amechoka kuwa admini wa grupu la ukoo. Kila siku malalamiko—huyu katuma picha ya mgonjwa, yule katuma tangazo la dawa ya kuotesha nywele, mjomba katuma video ya mbuzi anayepiga chafya kwa mara ya tatu. Leo mchana alikuwa kibarazani anakata kucha. Akasema bila hata kuinua macho: "Kamusi, chukua wewe. Si unajua simu."

Kamusi ni mimi. Nimeitwa hivyo tangu darasa la tatu na mpaka leo sijajua kama ni sifa au ni pole.

Simu sijui. Najua vitabu. Lakini navaa miwani, na kwetu msichana mwenye miwani anadhaniwa anajua kila kitu, hata sababu ya friji kunguruma.

Kwa hiyo sasa natawala watu zaidi ya sitini. Mashangazi wote, wajomba wote, baba mkubwa, mabinamu ambao sijawahi kuwatia machoni. Na tangu juzi, mchumba wa dada—Fundi Miwani. Dada ndiye aliyemwingiza, ili atuzoee kabla wazazi wake hawajaja kuonana na wazee wetu Jumamosi ya tarehe 17. Tangu aingie ameandika neno moja: "Asanteni." Namwelewa sana. Mimi nina miaka miwili humo na sijafika hapo.

Nimeamua kuandika katiba.

Jumapili, 4 Mei

Katiba tayari. Ibara tisa!

Ya kwanza: kila mwanaukoo ana uhuru wa kusema. Niliipenda mpaka nikaisoma kwa sauti mbele ya kioo. (Chunusi mpya kidevuni. Haikupunguza uzito wa tukio.) Mawazo nimeyatoa kwenye insha yangu ya uraia, ile ambayo mwalimu aliandika "Vizuri sana" kwa wino wa kijani: kwamba neno baya hujibiwa kwa neno bora, si kwa kumziba mtu mdomo.

Nimeituma asubuhi. Halafu nikabonyezabonyeza kwenye mipangilio ili ikae juu, kila mtu aione.

Sasa ni jioni na hakuna aliyepinga. Hakuna aliyesema lolote! Hata mjomba wa mbuzi kanyamaza. Nadhani wameguswa. Kumbe watu walikuwa wanangoja uongozi tu.

Jumatatu, 5 Mei

Nitahama nchi.

Nimerudi kutoka shule nikamkuta shangazi sebuleni, viatu mkononi, jasho linamtiririka. Amekuja kwa miguu. "Yuko wapi huyo rais wenu?" Nikamwamkia. Hakuitikia!

"Tangu jana umetufunga midomo! Mjukuu wangu kaota jino, naandika, simu inakataa. Naandika tena, inakataa. Jino! Ulitaka niliweke wapi?"

Kumbe nilipobonyezabonyeza niliweka kwamba anayeruhusiwa kuandika ni admini peke yake. Ukoo mzima ulikaa kimya siku nzima chini ya Ibara ya Kwanza, uhuru wa kusema. Na asingeweza kulalamika mtu, maana pa kulalamikia ndipo palipofungwa. Na mimi nikadhani wameguswa!

Baba alicheka mpaka akaketi sakafuni. Bibi akauliza kuna nini, akaelezwa, akasema mbona yeye alizifurahia hizo siku mbili, simu ya mtu yeyote haikulia.

Nikafungua. Ujumbe ukamwagika kama gunia la mchele limetoboka. Baba mkubwa akatangulia: "Poleni na mapinduzi, ndugu zangu. Jeshi limerudi kambini." Vicheko mfululizo. Nimelitazama jino. Ni jino zuri.

Jumatano, 7 Mei

Leo sicheki.

Kwanza niandike kuhusu baba mkubwa, maana nikianza na ujumbe wake nitamchukia, na mimi sitaki.

Ni kaka wa baba. Ana duka la vifaa vya ujenzi sokoni—misumari, rangi, kufuli, mabomba. Misumari anafunga kwa gazeti. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa ananiacha pale, na baba mkubwa alikuwa haruhusu gazeti lolote lifunge msumari kabla sijalisoma kwa sauti. Wateja wanasubiri, jua kali, yeye anasema: "Ngojeni kidogo, mtoto yuko kwenye aya ya pili." Ndiye aliyenifundisha kusoma. Msibani hulia kuliko wafiwa.

Leo saa ya chakula cha mchana katuma hivi:

"Ndugu zangu tufumbue macho. Kupe wa ng'ambo wamejaa sokoni. Kupe haombi ruhusa kunyonya. Na dawa ya kupe mnaijua."

Watu wa ng'ambo ni watu wa upande wa pili wa mto. Wamefungua maduka mawili ya vifaa mkabala na lake, na bei zao ziko chini. Hilo linajulikana. Lakini Fundi Miwani ni mtu wa ng'ambo. Na yumo humo kwenye grupu, na simu inaonyesha amesoma.

Mjomba akaweka vicheko. Binamu mmoja akaandika, "Mzee kanena." Shangazi akatuma jino la pili.

Dada akaja chumbani akasimama mlangoni. "Futa."

Nikamwambia nifikirie. Niko hapa nafikiria. Kitabu cha uraia kinasema kuna maneno yanayoudhi na kuna maneno yanayodhuru. Ya kwanza tuyavumilie, ya pili yana mpaka. Hakisemi mpaka unapita wapi. Sura inaishia hapo, kisha kuna maswali ya zoezi. "Dawa ya kupe mnaijua"—dawa ipi? Kutonunua kwao? Au nini? Kama hajasema, nimhukumu kwa nini? Na mimi juzi tu nilifunga midomo ya watu sitini kwa bahati mbaya. Leo nianze kwa makusudi?

Nitamjibu. Neno bora.

Alhamisi, 8 Mei

Nimejibu. Aya nne. Nilianza na shikamoo baba mkubwa, nikaendelea na utu, nikagusia historia, nikamaliza kwa swali la kufikirisha. Niliandika na kufuta na kuandika upya mpaka mkate ukaungua jikoni.

Jibu lake: "Marahaba Profesa. Umeshakula?"

Vicheko! Ukoo wote. Mjomba: "Aya nne bila picha, mtoto unatuonea." Binamu: "Nimefika aya ya pili nikapumzika." Hata mimi nilicheka kidogo, na hapo ndipo nilipojiona wa ajabu, maana kilichochekwa ni majibu yangu, na ujumbe wa kupe ulikuwa bado pale juu umetulia, hauna wasiwasi.

Saa kumi simu ikaandika, kwa zile herufi zake ndogo za kijivu, kwamba Fundi Miwani ametoka kwenye grupu.

Dada alikuwa anapiga pasi. Hakunitazama. "Ulitaka ajibu nini yeye? Aandike aya nne za kuthibitisha si kupe?" Mvuke ukapanda. "Anayetajwa ni yeye. Anayejadili ni wewe."



Ijumaa, 9 Mei

Skurubu ya miwani yangu imelegea. Kweli imelegea, sikuilegeza mimi! (Niliilegeza kidogo.) Nilihitaji sababu ya kwenda dukani kwake.

Duka la Fundi Miwani ni chumba kimoja na mlango wa mbao wa buluu. Ana ubao wa herufi ukutani, na fremu zimening'inia kwenye kamba kama nguo. Miwani yangu ameitengeneza yeye. Ya bibi pia. Ndivyo dada alivyomjua—alimpeleka bibi kupimwa macho, kisha bibi akawa anahitaji kupimwa kila wiki.

Akachukua bisibisi ile ndogo kama sindano. Bila miwani namwona kama ukungu wenye shati, na hiyo ilinisaidia kusema. Nikasema nasikitika kwa yaliyoandikwa. Nikasema pia kuhusu uhuru wa maoni, Mungu anisamehe, kama sentensi tatu.

Alikaza skurubu kwanza. Kisha akasema: "Shemeji, ule ujumbe nimeupata mara nne. Mara moja kwenu. Mara tatu, jina la mzee wenu likiwa juu, kutoka kwa watu ambao hata hawamjui."

Mtu wa kwetu kautuma nje! Nikauliza nani. Hajui. Ukishatoka umetoka.

Akasema yeye hamwogopi baba mkubwa. Amekaa naye, amemwona akilia kwenye msiba wa jirani. "Namwogopa anayemsoma bila kumjua. Huyo hajui kwamba mzee anatania, wala hajui kwamba analia. Anasoma tu dawa."

Akanivisha miwani mwenyewe, akaninyooshea sikioni. Ghafla kila kitu kikaonekana wazi, hadi vumbi. Sikutaka.

Jumapili, 11 Mei

Nimefuta.

Kabla ya kufuta nimemwandikia pembeni: "Shikamoo baba mkubwa. Samahani. Nataka kufuta ujumbe wako wa Jumatano." Hakuitikia. Nikangoja. Nikanywa maji. Nikaenda chooni bila haja. Nikafuta.

Nilidhani ukifuta kitu kinaondoka. Nina umri gani? Pale palipokuwa na ujumbe pakabaki maandishi: umefutwa na admini. Na sasa watu arobaini ambao hawakuwahi kuusoma wakataka kujua ulisema nini. "Kafutwa nani?" "Baba mkubwa? Na nani?" "Na MTOTO?" Mjomba kwa moyo wake mzuri akasema yeye anao, akautuma tena. Nikafuta. Binamu akautuma. Nikafuta. Akautuma kama picha. Nikawa kama mtu anayefukuza nzi kwa sahani ya chakula.

Nimeusambaza kuliko aliyeuandika.

Baba akaniita. Hakupaza sauti, na hiyo ni mbaya zaidi. "Umemfuta kaka yangu?"

"Nimefuta ujumbe, baba. Yeye sijamgusa."

"Kwa mtu wa umri wake ni kitu kimoja." Akasugua kichwa. "Na Jumamosi wazazi wa kijana wanakuja. Msemaji wetu ni kaka. Nikimpoteza, nani atawapokea? Mimi? Mimi nikisimama mbele ya watu natokwa jasho kama wewe."

Dada kutoka jikoni: "Yaani awapokee kupe?"

Kijiko kikaanguka mahali.

Hapo bibi akasema anataka kusomewa. Bibi hakusoma shule. Alisema yeye ndiye mama wa aliyeandika na bibi wa aliyefuta, na katika nyumba hii yeye peke yake hajui ugomvi ni wa nini. Basi nikasoma. Sauti yangu ilikuwa nyembamba. Maneno ambayo kwenye simu yalikuwa maandishi yalinipitia kooni mwenyewe, na lile neno la kupe nikalirudia mara mbili kwa sababu bibi hakusikia vizuri.

Nilitegemea atalia, au atasema kitu kikubwa ambacho ningekinakili hapa. Bibi akasema: "Lakini ni kweli wamejaa sokoni."

Dada akatupa kitambaa akatoka nje.

Bibi akavua miwani yake, akaigeuza mkononi, akanitazama kwa macho yale yasiyoniona. "Huyu aliyenitengenezea hii naye ni wa huko huko?"

Ndiyo, bibi. Unajua ni wa huko. Ni mkwe wako.

"Aa," akasema. "Mimi sikumfikiria yeye." Akaivaa tena.

Jumatatu, 12 Mei

Baba mkubwa hajaandika kitu. Hata salamu za asubuhi, zile zenye waridi. Mashangazi wamegawanyika: nusu wanasema nina adabu mbovu, nusu wanasema nina adabu mbovu lakini nilikuwa sahihi.

Somo la uraia leo. Nilinyoosha mkono! Nikamwuliza mwalimu: anayesema jambo baya, ni nani wa kumzuia? Akasema sheria. Nikasema na kama sheria haipo, yupo mtu mmoja tu mwenye kitufe na amekosea mara mbili tayari? Darasa likacheka. Mwalimu akauliza kama kuna tatizo nyumbani.

Jumatano, 14 Mei

Naandika haraka, mikono inanuka thina.

Leo nilipotoka shule nilipita njia ya sokoni. Watu wamesimama mbele ya duka la Fundi Miwani. Kwenye mlango wa buluu, kwa rangi nyekundu, herufi ndefu kama mimi: KUPE. Na chini yake, ndogo zaidi, kama mtu aliyekumbuka baadaye: DAWA YAJA.

Fundi alikuwa ndani anampima mzee mmoja macho. "Hiyo ya chini je? Unaisoma?" Mzee anasema M, anasema T. Nje watu wanasoma nyingine.

Dada alikuwa amepiga magoti mlangoni anasugua kwa sabuni. Sabuni kwa rangi ya mafuta! Rangi ilikuwa inatabasamu tu. Akaniambia bila kugeuka: "Thina. Nenda kalete thina."

Nani anauza thina? Maduka mawili ya ng'ambo yalikuwa yamefunga milango, kwa hofu. Limebaki moja.

Baba mkubwa alikuwa peke yake nyuma ya kaunta. Nikamwamkia, akaitikia. Hatujaonana tangu nimfute.

"Thina chupa moja, baba mkubwa."

"Ya nini?"

Mimi wa aya nne! Nikatoa maneno matatu: "Ya kutoa rangi."

"Rangi gani?"

"Nyekundu. Mlangoni kwa mchumba wa dada."

Akaacha kufuta vumbi. "Wamechora?"

"Wameandika."

"Wameandika nini?"

Nikasimama palepale nilipokuwa nasimama zamani, kwenye ile ndoo ya misumari, nikamsomea. La kwanza, kisha mstari wa chini. Kwa sauti, kama alivyonifundisha.

Akachukua chupa. Akaifunga kwa gazeti, ingawa thina haifungwi kwa gazeti. Mikono yake ilikosa kona mara mbili. "Sikuandika mimi," akasema.

"Najua, baba mkubwa."

"Mimi nilimaanisha watu wasinunue kwao. Dawa ni hiyo. Kila mtu mwenye akili—"

Hapo akaingia kijana mmoja, simjui, na baba mkubwa hamjui pia, niliona usoni. Alitaka misumari ya inchi tatu. Na vidole vyake vilikuwa safi, nilivitazama, sijui nilitegemea nini. Akaegemea kaunta, akacheka. "Mzee! Umeona mlango ule? Ule ujumbe wako umefika kwetu hadi kazini. Uliongea kweli tupu. Tuko pamoja nawe." Akampiga bega. Baba mkubwa! Bega!

Baba mkubwa akampimia misumari. Akaipima tena. Hakusema wasinunue. Hakusema alimaanisha nini. Kijana akalipa, akasema "Heshima yako, mzee," akaondoka zake na misumari haijafungwa, maana gazeti lilikuwa limeisha kwenye chupa yangu.

Nikasubiri. Nilidhani atasema kitu. Akasema: "Nenda, rangi itakauka."

Tumesugua mpaka jua limelegea. Dawa imetoka. Kupe imebaki, hafifu, ya waridi; ukijua ilipo unaisoma. Fundi akatoka, akatutazama, akasema tumwachie, ataupaka mlango upya. Dada akamwuliza kuhusu Jumamosi. Akasema wazazi wake wamempigia. Wameona picha ya mlango, imeshafika ng'ambo. Wanauliza ni nani wa upande wetu atakayewapokea, na kama ni yule yule wa ujumbe.

Sasa tuko nyumbani. Dada yuko pembeni yangu, bibi mlangoni, baba amesimama kama mtu anayengoja basi. Maana grupuni, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, juu kabisa imetokea: baba mkubwa anaandika.

Dada anasema funga, rudisha ile ya admini peke yake, haraka. Akiandika jambo moja baya leo, imekwisha. Kitufe nakijua, nilishakibonyeza hata bila kukijua. Baba anasema mwache kaka. Bibi anasema atakachosema asomewe yeye kwanza.

Anaandika.

Ameacha.

Kidole changu kiko juu ya kitufe na kinanuka thina. Nimefungua Ibara ya Kwanza niisome tena, ni fupi mno, haina pa kujishikia. Niliiandika mimi.

Anaandika tena. Haachi; itakuwa ndefu. Baba mkubwa hajawahi kuandika ndefu.

"Bonyeza basi!" dada ananiambia. Nimemwambia ngoja kidogo, mzee yuko kwenye aya ya pili.